Mashina Kumi na Moja

*Kikundi: Wana wa Bibi Somoe (Kitangari, Mtwara na walio mbali)*

Jumamosi, mwanzoni mwa Novemba

Halima (Mtwara Mjini): Asalaam aleykum ndugu zangu. Shikamooni wakubwa. Nimelala Kitangari jana. Jiko la Bibi upande wa kusini ukiinua macho unaona mbingu. Nyasi zimeoza mpaka kwenye pau, ukizishika zinabaki mkononi kama majivu. Na mvua haziko mbali.

Mjomba Saidi: Waaleykum salaam. Marahaba wanangu. Paa lile lina miaka saba sasa. Limejitahidi.

Shukuru (Dar): Shikamoo mjomba. Mimi nipo tayari kununua bati. Nipeni vipimo tu, hela natuma leo.

Zuhura (Kitangari): Mungu akubariki kaka, ila Bibi amekataa. Nimemsomea ujumbe wako. Anasema jiko la kuni ukiliwekea bati, moshi unakosa pa kutokea na saa saba mchana hukai humo. Halafu moshi huohuo ndio unaozitunza nyasi, wadudu hawazigusi.

Mama Mdogo Asha: Kweli kabisa. Angalieni nyumba ya kulala na jiko vilivyoezekwa mwaka mmoja, nyasi za jikoni ndizo zinazodumu.

Halima: Basi tatizo ni hili. Leo asubuhi nilishuka mpakani mwa shamba letu kutafuta nyasi, kule tulikokuwa tunajificha utotoni mpaka tunaitwa kwa majina ili turudi. Nimetembea kuanzia kwenye mwembe mpaka kwenye korongo. Nimehesabu mashina kumi na moja. Kumi na moja tu, ukingo mzima.

Halima: [Picha]

Halima: [Picha] Hii ya pili ni picha ya korongo. Lilikuwa mbali na njia, sasa limeshaila njia nusu. Pale ambapo nyasi zimeisha ndipo udongo unapoporomoka.

Mjomba Saidi: Innalillahi. Kumi na moja.

Rashidi (Masasi): Shikamoo mjomba, shikamoo mama mdogo. Nimeikuza picha. Hizo ndizo zenyewe, jamii ya Hyparrhenia. Ni nyasi za kwetu Afrika na ni za kudumu, yaani shina moja linaishi miaka na miaka, linachipua kila masika bila kupandwa. Kilichoziua ni nini? Moto?

Mjomba Saidi: Moto hauziui, mwanangu. Mimi nimezaliwa nimekuta ukingo ule unaungua karibu kila mwaka. Nyasi hizi jicho lake la kuchipulia lipo chini kabisa, limejificha kwenye shina usawa wa udongo. Moto ukipita unachukua mabua makavu, mvua ya kwanza tu utaona majani mabichi. Hasara ya moto ni kwamba unakosa nyasi za kuezekea mwaka huo. Na ukipita Septemba au Oktoba, kila kitu kimekauka, halafu mbuzi wakaachiwa kula vichipukizi vile vya kwanza, hapo ndipo shina linachoka. Lakini kuangamia ukingo mzima namna hii, hapana. Hilo ni jembe au dawa.

Shukuru: Mjomba, naomba niseme. Masika ya mwaka juzi mimi ndiye niliyetuma hela ya dawa ya magugu. Tulitaka mikorosho iwe safi na vibarua wa kupalilia hawakupatikana. Niliwaambia wapige mpaka mpakani. Mimi nilijua ni nyasi tu.

Zuhura: Nakumbuka. Zilikuwa mbichi, zimefika kiunoni. Baada ya wiki mbili zikawa njano zote.

Rashidi: Ndivyo dawa ile inavyofanya kazi kaka. Inaingia kwa majani mabichi, inateremka mpaka kwenye mizizi. Moto unaishia juu, dawa inafuata mzizi.

Shukuru: Nisameheni. Sana. Bibi ameshajua?

Mama Mdogo Asha: Baba, hukujua. Sisi wenyewe hatukukaa tukakufundisha. Wewe umekulia mjini.

Mjomba Saidi: Hakuna wa kubeba lawama peke yake hapa. Tumeifanya korosho ifike mpaka kwenye ukingo. Zamani mkorosho ulikaa hatua kumi na mbili na mwenzake na pembeni paliachwa wazi. Leo kila upenyo unawekwa mche. Na nyasi hizi zinataka jua la kuchoma, chini ya kivuli cha mkorosho mzima zinadhoofika zenyewe, hata dawa isipopita. Kwa hiyo tuache kuzisubiri ziote porini. Tuzipande. Tuzitengee shamba lake kama tunavyoutengea muhogo.

Halima: Mjomba, nyasi zinapandwaje? Kwa mbegu?

Mjomba Saidi: Kwa mashina. Mbegu nitamwachia Rashidi aseme.

Rashidi: Mbegu zake nyingi unakuta ni ganda tupu, ndani hamna kitu. Na ukitaka kuziotesha hufukii, unazikwaruzia juu tu kwenye udongo uliolainishwa. Ila zina ajabu moja. Da Zuhura, kwenye kanga ya Halima lazima zimenasa, hakuna anayepita kule akatoka bila. Chukua mbegu moja yenye ule unywele mrefu wa kahawia uliojisokota, iweke kwenye kiganja, idondoshee tone la maji. Halafu tulia uangalie.

Zuhura: Ngoja.

Zuhura: Jamani. Unazunguka! Unajisokotoa polepole kama mshale wa saa. Junia amepiga kelele, anasema ni mdudu.

Rashidi: Ukikauka unajisokota tena. Usiku umande, mchana jua, unazunguka huku na huku mpaka mbegu imejichimbia yenyewe ardhini. Ndiyo maana inakuchoma kwenye nguo, inatafuta pa kuingilia. Kule Brazili moja ya jamii hii, Hyparrhenia rufa, wanaiita jaraguá. Ilitoka Afrika ikaenda kulishia ng'ombe, leo sehemu nyingi za Amerika imekuwa gugu la kuwasumbua, haizuiliki. Sisi ambao ni yetu tumebaki na mashina kumi na moja. Inaniuma kweli.

Mama Mdogo Asha: Mjomba wenu endelea basi na mashina.

Mjomba Saidi: Nasema kwa sauti, kuandika kunanichelewesha. Zuhura ataandika.

Zuhura (anaandika sauti ya Mjomba): "Msiguse kitu sasa hivi, ardhi kavu. Subirini mvua zishike, udongo ulowe mpaka kiganja kizima kizame, hiyo ni Desemba. Msing'oe yale mashina kumi na moja. Kila shina mnakata pembeni tu, kwa sababu katikati ya shina kubwa huwa pamezeeka, pamekufa, uhai umehamia kwenye kingo. Mnaingiza jembe kwa pembeni, mnatoa kipande chenye vichipukizi vitatu mpaka vitano na mizizi yake, mnarudishia udongo. Shina mama linabaki. Kila moja likitoa vipande vitano tuna zaidi ya hamsini. Majani mnayakata yabaki shubiri moja, yasije yakanyonya maji kabla mizizi haijashika. Vipande vikae kwenye gunia lililoloa, kivulini, na vipandwe siku hiyohiyo. Msivilaze usiku."

Zuhura: Sehemu ya pili: "Nafasi ya shina na shina ni hatua fupi, kama goti mpaka unyayo na kidogo. Shimo dogo. Usifukie kile kijicho, kiwe usawa wa ardhi, ukikizamisha kinaoza. Kanyaga kwa kisigino pembeni ili udongo ushike. Mbolea msiweke. Nyasi zikinenepa zinalala chini, na paa linataka bua gumu."

Halima: Eneo litakuwa kubwa kiasi gani?

Mjomba Saidi: Mashina hamsini na kitu yanakaa hatua tano kwa nne. Usidharau. Mwaka wa pili kila shina unaligawa tena. Nawapa kile kipande cha juu ya korongo nilichokuwa nalima mihogo, jua linapiga kutwa. Kipo kwenye ardhi ya mama yenu, ni haki yenu. Panda mistari ikate mteremko, mizizi itashika udongo wa korongo.

Shukuru: Mjomba nakuja mwenyewe. Desemba nachukua likizo. Nataka nizipande kwa mkono wangu.

Mjomba Saidi: Karibu mpwa wangu. Hilo limenifurahisha.

Shukuru: Na tutakata lini?

Mjomba Saidi: Mwaka wa kwanza hukati. Unapalilia kwa mkono karibu na shina, jembe likae mbali, na mbuzi wasikanyage. Mwaka huo nyasi inajenga chini. Mwaka wa pili utakata kidogo. Wa tatu ndipo utafunga miganda. Jiko lile linakula miganda arobaini ya kukumbatia, kwa hiyo tugawe na kupanua, tusiharakishe.

Mama Mdogo Asha: Niongeze hapo kwenye kukata maana ndiyo ilikuwa kazi yetu wasichana. Tulikata tukishavuna ufuta, kabla korosho hazijaanza kuanguka. Unasubiri bua ligeuke rangi ya mkeka, mbegu ziwe zimeshadondoka. Ukikata bichi, paa linaota ukungu na kunywea. Unashika kwa mkono wa kushoto, mundu unapita upana wa kiganja kutoka chini. Atakayekata kwa kuvuta anang'oa, na Bibi alikuwa akiona mizizi kwenye mganda wako anakurudisha shambani ukaipande. Mimi amenirudisha mara mbili. Na hatukuzikata zote, kila mwaka tuliacha msitari wa kutoa mbegu.

Mama Mdogo Asha: Lakini pia msiziache miaka bila kukata. Makavu yakirundikana juu ya shina yanalinyima jua, linafia katikati.

Rashidi: Na njia ya moto, mjomba?

Mjomba Saidi: Julai. Hatua tano kuzunguka kipande chote, udongo mtupu. Nyasi kavu iliyosimama ni petroli.

Halima: Na jiko mwaka huu tunalifanyaje?

Mama Mdogo Asha: Wewe upo karibu na Mikindani. Tafuta makuti, tuzibe upande wa kusini. Hayadumu kama nyasi lakini Bibi atavuka masika.

Halima: Jumanne nayapakia. Shukuru, ile hela ya bati ndiyo itume sasa.

Shukuru: Natuma sasa hivi. Na nauli ya gari pia.

Zuhura: Nimemsomea Bibi yote. Amekaa kimya. Sasa anauliza, Shukuru anakuja tarehe ngapi, amwekee mihogo.

Desemba, wiki ya pili

Shukuru: Shikamooni. Tumemaliza saa tano. Mashina hamsini na manne. [Picha]

Shukuru: Sikujua shina moja lina mizizi namna ile. Nimeingiza jembe, nikavuta, likagoma. Nikapiga magoti nikafukua kwa mkono. Mizizi ni myembamba kama uzi lakini imeshikana, unainua kipande na bonge zima la mchanga linakuja nalo, halidondoki. Nilipoliona nikaelewa korongo lilivyofunguka.

Zuhura: Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, anaelekeza kwa fimbo. Mawili ameyakataa, amesema yamezama, tukayapanda upya.

Rashidi: Allah azibariki. Kama mvua itakatika zaidi ya siku tano, mwagieni jioni, maji ya kuoshea vyombo yanatosha yasipokuwa na sabuni nyingi.

Mjomba Saidi: Mmefanya kazi ya watu wazima. Ahsanteni wanangu.

Wiki ya tatu baada ya hapo

Zuhura: Mjomba shikamoo. Nimeamka nimekuta mbuzi ameingia alfajiri. Msitari wa kwanza wote umeliwa, yamebaki kama vidole viwili. Nina uchungu hata chai sijanywa.

Mjomba Saidi: Marahaba. Amekula majani au ameng'oa?

Zuhura: Amekula tu. Nimevuta moja taratibu, limegoma.

Mjomba Saidi: Basi limeshashika. Kunywa chai. Nakuja na fito na miiba, tuzungushie kabla ya adhuhuri.