Fito zangu za mishale zinapasuka na kupinda, nakosea wapi?

Mwanagenzi: Wakuu, habari za humu. Upinde ninao, mishale ndiyo inanitoa jasho. Nilikata machipukizi 20, unene wa kidole cha mwisho, nikayabambua gome siku hiyohiyo na kuyaanika juani. Wiki haijaisha, 13 yamepasuka kuanzia nchani. Yaliyobaki yamepinda kama nyoka. Nayanyoosha kwa mkono, asubuhi nayakuta vilevile. Naombeni ushauri kabla sijamaliza kichaka.

Mzee wa Upote: Pole kijana, jua limekuponza. Nje kunakauka na kusinyaa wakati kiini bado kibichi, lazima ufito upasuke. Safari nyingine acha gome, paka nta ncha zote mbili, funga kitita, weka kivulini penye hewa miezi 2 au 3. Kitita kikilegea, kaza. Na ukate kwa kuzidisha shibiri moja, ncha zikipasuka unazitupa tu.

Fundi Manyoya: Kunyoosha ufito mkavu bila moto ni kujichosha. Pasha penye kigosho juu ya makaa, siyo kwenye ndimi za moto, mpaka pawe pa moto sana. Pinda kupita kidogo upande wa pili, shikilia mpaka papoe. Ukiachia mapema, panarudi.

Mwanagenzi: Gome je? Nasikia linafuga wadudu.

Mzee wa Upote: Kweli linafuga. Ukiona ungaunga chini ya kitita, bambua hata kama hazijakauka.

Mpita Njia: Usijione mzembe. Ötzi, yule mtu wa kale ambaye maiti yake ilipatikana barafuni mwaka 1991 mpakani mwa Austria na Italia, podoni mwake (mfuko wa mishale) mlikuwa na mishale 14 na miwili tu ndiyo iliyokamilika. Fito za machipukizi hizohizo, miaka zaidi ya 5,000 iliyopita!

Fundi Manyoya: 😂 Tuendelee. Kabla ya manyoya, kandamiza kila ufito katikati, zinazopinda sawa ziweke pamoja. Ufito laini mno kwa upinde wako utakwenda upande hata ulenge vipi. Na chini ya mkato wa kuingizia upote (kamba ya upinde) zungushia uzi, ukaze na gundi. Bila hivyo upote unaupasua ufito. Kila mshale uukunje kidogo kabla ya kurusha. Ukisikia mlio, vunja, usiuonee huruma.

Mwanagenzi: Asanteni wakuu. Saba zilizobaki nazipitisha makaani sasa hivi. Moja nimeshaiunguza.