Kanga chini ya kuku

*Jumatano*

Asha: Shikamooni wakubwa zangu. Naombeni ushauri. Yule kuku wangu mwekundu nilimlaza mayai 14 ya kanga. Leo siku ya 23, hakuna hata moja lililodonolewa. Baba Imani anasema yameviza, niyatoe kesho ili kuku arudi kutaga.

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. USIYATOE!! Yaache hapohapo.

Mama Zuhura: Siku 21 ni za kuku. Kanga anataka 26 mpaka 28. Muda wake bado.

Asha: Alhamdulillah nimeuliza. Ndoo ya kuyatilia nilishaiweka mlangoni.

Mama Zuhura: Ulimchanganyia na mayai yake?

Asha: Hapana mama, ya kanga matupu.

Mama Zuhura: Hapo umepona. Mimi mwaka jana nilimwekea 10 ya kanga na matano yake, yote siku moja. Siku ya 21 wa kwake wakatoka, kesho yake akaondoka nao kwenda kuparura na kiotani hakurudi tena. Jioni nagusa yale ya kanga, ya baridi. Nikapasua moja nijue. Kitoto kimeshaota manyoya, vimiguu vyekundu, kimejikunja, kiini bado hakijaingia tumboni. Niliumia jamani. Anayetaka kuchanganya, ya kuku ayaingize siku ya 7 baada ya ya kanga. Mimi sichanganyi tena.

Mzee Kombo: Marahaba binti Asha. Banda likoje na mvua hizi? Kitoto cha kanga hakiwezi unyevu. Ndiyo maana mayai anapewa kuku. Kanga mwenyewe si mlezi, alfajiri anawapitisha wanawe kwenye majani ya umande, wanalowa, wanabaki nyuma mmoja mmoja. Kuku ataketi awafunike.

Asha: Nimewaandalia boksi babu, nimetandika magazeti.

Mzee Kombo: Toa magazeti. Yanateleza, miguu inatawanyika huku na huku, kitoto hakisimami tena. Tandika gunia kuukuu au maranda makavu.

Baba Neema: Na maji tumia kifuniko cha ndoo, ujaze kokoto. Wanazama hao hata kwenye maji ya kina cha kidole. Wangu wawili niliwakuta kwenye kisahani cha chai, na mama yao yupo pembeni.

Asha: Chakula je?

Mama Zuhura: Stata, chakula cha kuanzia vifaranga, ya kuku wa nyama, siyo ya kuku wa mayai. Wiki za mwanzo wanataka protini asilimia 24 hadi 26, stata peke yake haifiki hapo. Saga dagaa wa Mwanza uchanganye. Dagaa wa chumvi usiwape kabisa.

Mzee Kombo: Na mchwa. Chungu kikuukuu, tia mavi ya ng'ombe makavu na mabua, nyunyiza maji, kifudikize jioni kwenye njia yao. Asubuhi unafunua kimejaa. Sisi kijijini kanga tuliwakuza hivyo.

Baba Neema: Na kunguru wa mtaa huu mnawajua. Vifaranga wakae ndani ya tenga na mama yao, na hata wakianza kutoka, umande uwe umekauka na wewe uwepo.

*Jumapili*

Asha: Mama Zuhura!! Nimetega sikio, wanalia ndani ya mayai! Kuku anawajibu kwa sauti ya chini, sijawahi kumsikia hivyo.

Mama Zuhura: Mashallah! Usimnyanyue, na usiwasaidie kupasua hata kama unaona ganda gumu. Msogezee chakula na maji karibu asishuke.

Asha: 11 wametoka! Wana michirizi ya kahawia mgongoni, mmoja ametokeza kichwa chini ya bawa ananitazama. Matatu bado.

Mama Zuhura: Hayo yape mpaka kesho jioni.

Mzee Kombo: Gunia umetandika?

Asha: Tayari babu. Baba Imani yuko juu ya banda anaziba tundu la bati.