Tupeane uzoefu: Premio, Allion au Mark X kwa mtu wa mshahara wa kawaida Dodoma

Ndugu wanajamvi, salaam. Mdogo wangu ameajiriwa hapa Dodoma mwaka huu, ana shilingi milioni 16 alizozikusanya kwa jasho lake, na anataka gari la kutembelea lenye nafasi ya kutosha watu watano na buti la kupakia mzigo wa nyumbani. Ameniomba ushauri, nami nikaona nisiubebe mzigo huo peke yangu. Ninaomba kila mwenye gari la Toyota la daraja la Premio, Allion, Mark X au Crown atueleze njia anayopita kila siku na fedha iliyomtoka baada ya kulinunua, kwa sababu bei ya kununulia kila mtu anaijua, ila yanayofuata baada ya hapo watu huyanyamazia.

Nitaanza mimi. Ninaishi Nkuhungu na ofisi yangu ipo Mtumba, kwa hiyo kila siku ya kazi ninatembea kilometa 48 kwenda na kurudi. Nina Premio ya mwaka 2005 yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,500, na huu ni mwaka wa tatu ninaitumia. Nimekuwa nikiandika kwenye daftari kila ninapojaza mafuta, na wastani wangu ni kilometa 12 kwa lita. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni kilometa 1,056, sawa na lita 88 kwa mwezi. Jirani yangu anapita njia hiyo hiyo na Mark X ya cc 2,500, naye anapata kilometa 8 kwa lita, maana yake ni lita 132. Tofauti ni lita 44 kila mwezi, na kwa kuwa bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, zinazotoka Jumatano ya kwanza ya mwezi huwa juu kidogo hapa kwetu kuliko Dar es Salaam, hesabu hiyo mtu aifanye kwa bei ya Dodoma.

Hata hivyo mafuta si jambo lililonitesa zaidi. Kilichonitesa ni mita 600 za vumbi kutoka lami hadi getini kwangu. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua huchimba korongo katikati ya njia, na gari la chini kama hili likiwa na watu wanne hukwangua tumbo. Mwaka wa kwanza niligonga jiwe, sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ikatoboka, na asubuhi nikakuta oili imetengeneza dimbwi jeusi juu ya mchanga. Tangu hapo nimefungiwa bati la chuma chini ya injini, nami ninamshauri kila mnunuzi alihesabu bati hilo kuwa sehemu ya bei ya gari. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Siku moja fundi alitoa filta ya hewa, akaigonga mara mbili kwenye tairi, ukamwagika mchanga mwekundu wa kujaza kijiko cha chai. Nilikuwa ninaibadilisha kwa kufuata kilometa, kama nilivyozoea Dar es Salaam. Sasa ninaitazama kila mwezi.

Mchangiaji kutoka mtaa wa Kisasa

Mbukwa, kaka. Mimi ni mmoja wa hao watu wa Mark X mnaowasema. Nina Mark X ya toleo la kwanza, GRX120, ya cc 2,500 na sijutii, ila niseme kwa nini, maana sababu yangu huenda isiwe ya mdogo wako. Wazazi wangu wako Iringa, nami ninakwenda kuwaona karibu kila mwezi kwa njia ya Mtera. Zamani nilikuwa na Allion ya cc 1,500. Tukiwa watu watano na gunia la mpunga kwenye buti, kile kipande cha kupanda Nyang'oro kilikuwa mtihani: kiyoyozi nakizima, gia inashuka, injini inalia, na malori yenyewe hayakubali kupitwa. Kwa Mark X ninapanda mlima ule tukiwa tunazungumza.

Gharama zake nimezikubali. Nilipoagiza kutoka Japani niliingia kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kumtumia mtu hata senti, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi cc 2,000 ni asilimia 10, wakati ya cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, na juu yake kuna tozo ya uchakavu kwa gari lenye umri mkubwa. Wapo wanaodhani gari kubwa litawagharimu kila mwaka kwa leseni ya barabara, lakini ada ile ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayetembea kidogo amepata nafuu. Mimi ofisini ninakwenda kwa miguu. Ningekuwa ninakwenda Mtumba kila siku, nisingekuwa nalo.

Jambo moja zaidi. Mark X husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye lami hilo ni raha, ila kwenye mchanga mlaini wa makorongo yetu, buti likiwa tupu, tairi za nyuma hujichimbia kaburi. Nimeshasukumwa na vijana mara mbili nje ya mji, na mara zote mbili walitaja bei kabla ya kugusa gari.

Mchangiaji wa Chang'ombe

Mimi ni mwalimu na gari langu ni Allion ya mwaka 2008. Nililinunua kwa mtu mkononi, likiwa na namba D na kadi safi. Lilipofikisha miezi saba mikononi mwangu nikalipeleka gereji moja, ambayo sitaitaja, kufanya sevisi ya kawaida. Fundi akasema oili ya gia imechakaa, nami nikamruhusu aibadilishe. Sikujua kwamba Allion za kuanzia 2007 zina gia za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, ambazo zinataka oili yake maalumu. Yeye akaweka oili nyekundu ya ATF ya gia za otomatiki za kawaida. Baada ya wiki mbili gari likaanza kutetemeka kila nikiondoka kwenye taa, kisha likawa linavuma kama pangaboi bovu, na mwishowe likagoma kabisa likiwa na watoto wawili wa dada yangu ndani.

Gia boksi ya mtumba ililetwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Sitaandika nilicholipa, ila kilizidi mishahara yangu miwili. Tangu siku hiyo oili ninanunua mwenyewe, ninasoma maandishi ya kopo, na ninasimama hapo hapo hadi fundi afunge nati ya mwisho. Kaka, mdogo wako akipata Premio au Allion ya toleo la kwanza yenye cc 1,500 na gia nne za kawaida, atakuwa na gari ambalo karibu kila fundi wa mji huu analijua. Akichukua toleo jipya, ni zuri na mafuta halili, lakini awe tayari kuwa mkali gereji.

Fundi, Majengo

Nitakuwa mfupi. Mwambie kijana afungue boneti asome jina la injini. Likiishia na FE, kama 1NZ-FE au 1ZZ-FE, mafuta yananyunyizwa kabla ya kuingia kwenye silinda. Likiishia na FSE, kama 1AZ-FSE ya Premio za cc 2,000 au 4GR-FSE ya Mark X, mafuta yanaingizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, na ndiyo mnayoiona imeandikwa D-4. Injini hizo zina nguvu, lakini hujenga masizi kwenye valvu na hazivumilii mafuta machafu. Wateja wangu wa FSE wanaokuja wakilalamika kwamba gari linazimikazimika likiwa limesimama ni wengi kuliko wa FE. Injini zote nilizozitaja hutumia cheni, kwa hiyo asikubali kuuziwa hadithi ya kubadilisha mkanda wa taimingi.

Mchangiaji wa Nzuguni

Kuhusu kuuza tena: Premio yangu nilibandika karatasi kwenye kioo cha nyuma siku ya Jumatatu, Alhamisi ikawa imeondoka. Crown ya shemeji yangu ilikaa na karatasi hadi jua likafuta namba ya simu.

Mwanzisha mada

Ninawashukuru sana, hasa dada wa Chang'ombe na fundi. Leo asubuhi tulikwenda Ipagala kutazama Premio ya cc 1,500. Rangi ilikuwa nzuri, tairi nne mpya, na mwenyewe alikuwa mtu mcheshi aliyetukaribisha chai. Tulikuwa tumemwomba kwa simu asiliwashe hadi tufike, kwa sababu tulitaka kuisikia injini ikiamka ikiwa ya baridi. Tulifika saa kumi na mbili na nusu. Mdogo wangu akaweka kiganja juu ya boneti, akanitazama, akaniambia nami niweke. Lilikuwa la moto.

Chai tulikunywa, tukaaga. Kesho tunakwenda kutazama jingine, Miyuji, na safari hii mwenye gari hatujamwambia tunafika saa ngapi.