Bamba la kaboni: juu halina kitu, chini limepasuka. Kwa nini?

Tabaka16:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Bamba la nyuzi za kaboni na epoksi, unene mm 2, matabaka 16 ya mm 0.125. Mpangilio kwa mwelekeo wa nyuzi ni manne ya digrii 0, manane ya 90 katikati, kisha manne ya 0. Limedondoshewa uzito wa kilo 2 wenye ncha ya mviringo, kipenyo mm 16, kutoka sm 68. Juu kuna kibonyeo kidogo sana, mpaka upitishe kidole ndipo ukihisi. Chini kuna ufa mrefu, na ukigonga kwa sarafu kando yake sauti ni butu. Si palipopigwa ndipo pangeumia zaidi?

Fundi_Rezini:
Mkuu, bamba jembamba likipigwa hunepa. Uso wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Nyuzi zinahimili kuvutwa kwa urefu wake, ila ukizivuta kwa ubavu kinachoshika ni rezini (hiyo epoksi) peke yake, nayo huachia mapema. Angalia ufa wako: bila shaka unafuata nyuzi za tabaka la chini kabisa.

Likate katikati kwa msumeno wa almasi, usugue ukingo kwa msasa laini wenye maji, uweke chini ya hadubini. Kwenye kundi la 90 utaona nyufa za mshazari, karibu digrii 45. Zikifika mpaka wa 90 na 0 zinakuta nyuzi zimekatiza njia, hivyo zinageuka na kupita kati ya matabaka. Hapo ndipo yanapobanduka. Eneo hilo lina umbo la ganda la karanga, refu kufuata nyuzi za tabaka lililo chini ya mpaka. Kwa jumla uharibifu hupanuka kadiri unavyoshuka, kama msonobari. Bamba nene halinepi sana, kwa hiyo lenyewe huanza kuumia juu, chini ya ncha.

Jouli:
Nishati: 2 × 9.81 × 0.68 = jouli 13.3, yaani kama 6.7 kwa kila milimita ya unene. Ni kiwango kilekile cha ASTM D7136, kipimo sanifu cha kudondoshea bamba uzito, lakini kipimo hicho kimelenga mabamba ya mm 4 hadi 6, sampuli ya mm 100 × 150 juu ya dirisha (uwazi wa fremu inayoshikilia bamba) la mm 75 × 125. Usilinganishe namba zako na za majedwali yake.

Tena, uzito uliudaka baada ya kuruka? Ukirudi mara ya pili, unasoma uharibifu wa vipigo viwili. Dirisha nalo lina neno: likiwa dogo, bamba linakosa nafasi ya kunepa, nguvu ya mguso inapanda na matabaka yanabanduka zaidi kwa nishati ileile. Kama una kihisio cha nguvu, tafuta pale mchoro wa nguvu unaposhuka ghafla kabla ya kilele. Ndipo kubanduka kulipoanza.

Sarafu inatosha kukushtua tu. Mbanduko mdogo ulio ndani zaidi inaupita. Kwa ramani kamili tumia ultrasaundi, bamba likiwa ndani ya maji.

Fundi_Rezini:
Niongeze: kosa kubwa liko kwenye mpangilio. Kurundika manne na manane ya mwelekeo mmoja kumekuachia mipaka miwili tu, na kila mpaka una tofauti kubwa kabisa ya ugumu wa kunepa. Ukipanga 45, 0, −45, 90, urudie, kisha ugeuze kama kioo, unapata mipaka 14 na mibanduko midogo midogo. Ila ugumu upande wa 0 utapungua, piga hesabu kwanza. Kitambaa cha nyuzi za glasi kilichofumwa, kikiwekwa chini kabisa, huzuia ule ufa mrefu. Unene nao unasaidia kuliko watu wanavyodhani: nguvu ya kuanzisha mbanduko hupanda kwa unene kipeo 1.5, hivyo unene mara mbili ni nguvu mara 2.8.

Tabaka16:
Asanteni. Nikijaza ufa kwa rezini, bamba litarudi kama zamani?

Jouli:
Ufa unaoonekana utajaa. Mbanduko uliofungwa ndani hauna njia ya kupokea rezini, na bamba likibanwa kwa urefu, matabaka yaliyoachana yatapinda kila moja kivyake kabla ya mzigo kamili. Ondoa sehemu yote mbovu, chonga ukingo kwa mteremko wa 1 kwa 20 au mrefu zaidi (kwa mm 2 ni mm 40 kila upande), kisha rudisha tabaka kwa tabaka kwa mwelekeo uleule.