Waliotafuta kikundi cha kuacha pombe, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada:
Wakuu, leo asubuhi nimevaa kiatu nikagusa kitu kigumu ndani. Chupa. Niliificha mwenyewe, sikumbuki lini. Mwaka wa 3 huu najiambia kesho naacha. Nataka kikundi, watu wanaokaa chini na kuongea, ila sijui kinapatikanaje wala ukifika mlangoni unasema nini. Mliopitia, nisaidieni. Wa matusi pita kando.

Kimyakimya:
Umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa naficha kwenye tangi la choo, ndani ya mfuko uliofungwa mara mbili. Kikundi nilielekezwa na nesi, aliniandikia siku na saa kwenye kipande cha karatasi. AA, yaani Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha. Siku ya kwanza nililizunguka lile jengo mara 3 nikarudi nyumbani. Wiki iliyofuata ndipo nikaingia. Hakuna aliyeniuliza jina la baba wala kazi. Hakuna fomu, hakuna kiingilio. Mchango unapitishwa, mwenye nacho anatia. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Uliza kwanza kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi anaingia yeyote, hata ndugu yako. Wa ndani ni wa wenye tatizo peke yao.

Baba Mapacha:
Kuzunguka jengo! Kumbe tuko wengi.

Chuma:
Mnazunguka bure. Pombe ni nia. Ukiamua leo unaacha leo, peke yako, bila kumhadithia mtu shida zako. Mimi nilifanya hivyo.

Sweta la Bluu:
Mkuu Chuma, nakuomba usimwambie mtu maneno hayo kabla hujajua anakunywa kiasi gani. Mimi nilikuwa nazimua kila asubuhi, miaka. Ijumaa moja nikaapa, nikamwaga yote. Usiku jasho, shuka zimelowa. Asubuhi kijiko kinagonga kikombe nikikoroga chai, mke wangu ananiangalia hasemi kitu. Jumamosi jioni nikaona siafu ukutani, nikachukua ufagio kuwafukuza. Hawakuwepo. Kutoka hapo sikumbuki.

Nilianguka jikoni, degedege. Mke alikuwa nje. Binti yetu wa miaka 9 alivua sweta lake akaniwekea chini ya kichwa, akakaa ananishika sikio, kwa sababu aliogopa kunishika mkono uliokuwa unarukaruka. Nimezinduka hospitali, ulimi nimeung'ata. Daktari akanieleza kuwa pombe inapoza ubongo, na ubongo wa mnywaji wa kila siku unajikaza kushindana nayo. Ukiiondoa ghafla, ule mkazo unabaki bila breki. Degedege huja mara nyingi ndani ya siku 2 za mwanzo, kuweweseka kwenyewe kunaweza kufuata siku ya 2 mpaka ya 4, na watu wanakufa. Walinipa dawa za kutuliza wakizipunguza siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Kikundi kilikuja baada ya hapo, na ndicho kinachonishikilia mpaka leo. Lile sweta hakulivaa tena.

Baba Mapacha:
Nimesoma nimesimama.

Dada wa Kati:
Binti yuko vipi sasa? Mliwahi kuongea naye?

Sweta la Bluu:
Mwaka jana ndiyo tuliongea. Aliniuliza kama alikosea kushika sikio.

Chuma:
Pole sana kaka. Mimi nilikuwa wa mwisho wa wiki tu, arosto ya aina hiyo sikuijua. Nafuta kauli.

Mtafiti:
Turudi kwenye mada. Mwanzisha mada ajue hatua 12 za AA, zile wanachama wanazofuata ili kuacha, zinamtaja Mungu. Mimi zilinishinda.

Kimyakimya:
Zinasema Mungu kama wewe unavyomwelewa. Kwetu wapo wasioamini na wamekaa miaka. Jambo lenyewe lilianza 1935 kule Akron, Ohio, mlevi mmoja akizungumza na mlevi mwenzake. Hilo ndilo linaloponya.

Mtafiti:
Kwako. Mimi nilipata SMART Recovery, vikundi vingine vya kuacha, hakuna hatua wala sala, tunajifunza kuikabili hamu ikija. Ina mikutano ya mtandaoni, ikikushinda kutoka ndani.

Baba Mapacha:
Msigombane, ajaribu vyote viwili. Na asihukumu kwa mkutano mmoja. Kikundi changu cha kwanza alikuwa anaongea mtu mmoja saa nzima. Cha pili ndicho nyumbani.

Dada wa Kati:
Mimi ni mke. Wangu hajakubali, nilikwenda Al-Anon peke yangu, ni ya familia. Nimeacha kunusa glasi zake. Mwanzisha mada, mwambie wa nyumbani kwako leo.

Chuma:
Hapo napinga. Asimwambie mtu mpaka atimize mwezi, maneno ya watu yanarudisha chupani.

Sweta la Bluu:
Aanze na daktari. Mengine baadaye.

Mwanzisha mada:
Nimesoma yote. Mimi pia nazimua, kila siku. Daktari nitamwona kesho asubuhi na kiasi changu nitamtajia bila kupunguza. Kuna mkutano wa wazi jioni hii, lakini nimeshakunywa tangu saa 4. Nitafukuzwa?

Kimyakimya:
Hapana. Mimi niliingia hivyo hivyo. Waambie ni mara ya kwanza, kaa usikilize, leo usiongee. Viti vya nyuma huwahi kujaa, wahi.