Tanghulu zangu zinageuka ulimbo, nitumie sukari gani? Idi imekaribia

Binti_Xiaobei:
Asalaam aleikum wakuu, na Ramadhani njema kwa waliofunga.

Niko Guangzhou, naomba msaada kwa anayejua mambo ya sukari. Natengeneza tanghulu, yale matunda ya Kichina yanayochomekwa kwenye kijiti na kuvikwa sukari iliyoganda. Natumia stroberi na zabibu zisizo na mbegu, vijiti vya mishikaki, vikombe viwili vya sukari nyeupe kwa kikombe kimoja cha maji. Nikichovya yanatoka mazuri mno, yanang'aa, ukigonga kwa ukucha yanalia. Baadaye sukari inalainika, inanata vidoleni na kuchuruzika mpaka chini ya kijiti.

Mmoja kaniambia nitumie bingtang, sukari mawe ya huku. Mwingine kasema niongeze asali. Ipi ndiyo sahihi? Nahitaji jibu mapema. Natanguliza shukrani.

Kaka_wa_Temeke:
Dada, saa tisa alasiri hii unatutajia stroberi na sukari? Wenzako bado tunahesabu dakika. Rudi baada ya magharibi utajibiwa vizuri.

Mama_Kaimati:
Waaleikum salaam mwanangu. Mimi ni mtu wa kaimati na visheti hapa Tanga, shira naijua. Sukari ikishaanza kuchemka usiikoroge, ukiikoroga inarudi kuwa chenga. Kamulia ndimu nusu, tia na iliki. Shira yangu haijawahi kuganda wala kufanya chenga. Binti yangu mkubwa nilimfundisha hivyo hivyo, leo anauza kaimati futari nzima na foleni inafika barabarani. Ndimu, mwanangu. Usiisahau.

Nilisoma_Harbin:
Umenikumbusha mbali. Harbin, mji wa kaskazini mwa China, wakati wa baridi tanghulu zinauzwa nje, nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Muuzaji ana mti mrefu umefungwa majani makavu juu, vijiti vimechomekwa kuuzunguka. Zile za asili si stroberi, ni shanzha, tunda dogo jekundu lenye ukali unaokata utamu wa sukari. Wanatoa kokwa, wengine wanajaza maharage mekundu yaliyopondwa. Tianjin wanaziita tangdun'er.

Wachina wanasimulia kwamba mke wa mfalme Guangzong wa enzi ya Song aliugua akakataa chakula, tabibu akaagiza apewe shanzha zilizopikwa na sukari mawe, akapona. Ni masimulizi, lakini kila muuzaji anayajua.

Ninachotaka kusema ni kwamba hiki ni chakula cha kaskazini na cha baridi kavu. Wewe uko kusini.

Fundi_Sukari:
Dada, umetaja vipimo, umetaja tunda, umetaja hata vijiti. Hujasema jambo moja: tangu unachovya mpaka mtu anakula, unapita muda gani? Na katikati hapo unaziweka wapi?

Binti_Xiaobei:
Naweka kwenye friji. Kipimajoto sina, natazama rangi ya sukari. Kuonja siwezi kwa sababu nimefunga.

Mama_Kaimati ahsante sana, leo usiku najaribu ndimu.

Fundi_Sukari:
Ndimu subiri kwanza. Muda, dada.

Binti_Xiaobei:
Naomba msinirukie.

Nimepokea oda ya vijiti 150 kwa ajili ya watoto kwenye baraza la Idi la Waswahili wa huku. Nusu ya fedha nimeshalipwa na maboksi yenye vifuniko nimeshanunua. Mwezi hatujui utaandama lini, Idi inaweza kuwa Ijumaa au Jumamosi. Kwa hiyo nimepanga kuchovya zote Jumatano usiku niziweke kwenye friji, siku yoyote itakayokuwa niwe tayari. Asubuhi ya Idi kuna swala, kuna kuogesha watoto, siwezi kusimama jikoni. Mpango uko sawa kabisa, kilichobaki ni sukari tu. Ndiyo maana nimeuliza sukari.

Ustaadh_Mpole:
Dada yangu katika imani, fedha ya mtu ni amana. Ukipokea malipo ya kitu ambacho hujaweza kukitengeneza kikakaa, unajiweka pabaya, tena mwezi mtukufu. Waeleze mapema. Wakikubali, endelea. Wakikataa, rudisha.

Wa_Kariakoo:
Wakuu, hii ni chai, na sukari mnaongeza wenyewe.

Mabweni ya vyuo vya China hayaruhusu majiko ya umeme chumbani, hilo anajua kila aliyesoma kule. Shanzha huvunwa vuli, yeye anakuja na stroberi mwezi wa tatu. Picha hakuna. Akaunti imefunguliwa juzi. Vijiti 150 kwa mtu asiye hata na kipimajoto? Kesho ataleta namba ya simu achangiwe.

Kaka_wa_Temeke:
Hapo kwenye kipimajoto hata mimi nilisita.

Binti_Xiaobei:
Sijaomba mchango wa mtu. Ni wapi nimesema ninaishi bwenini? Napikia kwa dada yangu aliyeolewa hapa Xiaobei, kwenye jiko lake la induksheni. Kama huna ushauri, pita.

Mzigo_Guangzhou:
Wa_Kariakoo, hapo umekosea. Mimi napakia mzigo Guangzhou kila mwaka. Stroberi za Guangdong zinaanza Desemba na Machi bado zipo sokoni. Halafu huu ndio wakati wa wanachokiita huinantian. Hewa ya vuguvugu yenye unyevu inapanda kutoka baharini na kukuta kuta na sakafu bado zina ubaridi, basi nyumba nzima inatoa jasho. Vigae vinateleza, nguo hazikauki, hata maboksi ya mzigo yanalegea. Mtu akiniambia sukari yake imechuruzika Guangzhou mwezi wa tatu, naamini bila picha.

Wa_Kariakoo:
Stroberi nimekubali. Hayo mengine nasubiri nione.

Fundi_Sukari:
Turudi kwenye kazi.

Dada, kubadilisha sukari hakutakusaidia. Bingtang na sukari nyeupe zote ni sukrosi, yaani sukari ile ile ya kawaida. Ukiipika mpaka nyuzi 150 hivi, maji karibu yote yametoka, na kitu kikavu namna hiyo kinanyonya unyevu wowote ulioko hewani. Huko kwenu kuta zinatoa jasho, sukari yako itaponea wapi? Ukiiweka kwenye friji ndiyo unazidisha: ukiitoa ikiwa ya baridi, unyevu wa hewa unatua juu yake na kuwa matone. Boksi lenye kifuniko nalo linafungia maji ya tunda lenyewe. Stroberi ni maji tisa ya kumi, inaiyeyusha sukari kutokea ndani.

Mama_Kaimati shikamoo. Ndimu yako ni sahihi kwa kaimati, kwa sababu pale unataka shira ibaki laini. Ndimu huivunja sukrosi kuwa sukari nyepesi zinazopenda maji. Asali imejaa sukari hizo hizo. Kwa tanghulu hilo ndilo tunalolikimbia.

Kuna isomalti, aina ya sukari mbadala, Wachina wanaiita aisutang, wauzaji wengi huitumia siku za joto. Haivuti unyevu sana. Lakini haizuii maji ya ndani ya tunda, na ikiliwa kwa wingi inaendesha tumbo. Watoto siku ya Idi wanakula bila hesabu, mimi nisingeitumia.

Chovya palepale ukumbini. Usiku wa kuamkia Idi, mwezi ukishatangazwa, osha matunda, yafute moja moja, yaachie feni mpaka yakauke kabisa, kisha uyachomeke kwenye vijiti. Tunda likibaki na tone la maji, sukari haishiki. Yasiingie kwenye friji. Baada ya swala unapika sukari kidogo kidogo kwenye sufuria ndogo yenye kina. Kipimajoto cha jikoni kinunue, na usipokipata, dondosha tone kwenye maji ya baridi, litoe, livunje kwa vidole. Likikunjika, bado. Likikatika kwa mlio, chovya. Huhitaji kuonja. Kata na zile ncha kali za vijiti.

Na weka meza kati yako na watoto. Sukari ya moto huo inang'ang'ania ngozi. Ikimgusa mtu, maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno hapana.

Mama_Kaimati:
Marahaba mwanangu. Ndimu naibakiza kwenye kaimati zangu.

Binti_Xiaobei:
Nimekuelewa kaka, lakini maboksi nimeshanunua. Na nikichovya mbele za watu ikaungua je? Si bora wanikute nimeshamaliza?

Fundi_Sukari:
Maboksi yabebee vijiti vya matunda makavu, vifuniko wazi. Ikiungua sufuria moja, tia maji, chemsha, mwaga, anza upya. Ndiyo maana nimesema kidogo kidogo.

Nilisoma_Harbin:
Watoto watapenda zaidi wakiona zinachovywa. Beijing watu husimama kwenye foleni kuangalia muuzaji akipiga kijiti juu ya ubao ili sukari itandae ubavuni kama bawa.

Binti_Xiaobei:
Nimeongea na wenye ukumbi. Wamekubali nipewe meza ya pembeni karibu na soketi. Jiko la dada limeandikwa wati 2,100. Soketi wamesema ni ya ampea 10. Itafaa? Maana birika la chai la wazee nalo linachomekwa hapo hapo.

Mzigo_Guangzhou:
Umeme wa huko ni volti 220, kwa hiyo ampea 10 ni wati 2,200. Jiko lako peke yake limeshaimaliza. Birika litafutiwe soketi nyingine, na usitumie waya wa kuunganishia.

Fundi_Sukari:
Na sukari haihitaji moto wa juu, weka wa wastani. Anza na zabibu, ganda lake linazuia maji. Stroberi chovya mwisho, kila mtoto apokee yake na kula hapo hapo.