Metropolis, 2001 au Blade Runner: ipi ya kuonyesha kazini?

Mshumaa (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nimepewa jukumu la kuchagua filamu moja ya kuwaonyesha wenzangu kazini Ijumaa, kisha tujadili teknolojia, kazi, na nani hasa ameshika usukani kati ya mtu na mashine. Nimechuja zimebaki tatu: Metropolis (1927), 2001: A Space Odyssey (1968) na Blade Runner (1982). Natakiwa kutoa jibu kesho asubuhi. Ipi?

Kobe_Mjanja
Umeleta nusu ya mada. Watazamaji ni akina nani? Mna muda gani? Nani anaandaa, wafanyakazi au mwajiri? Metropolis ni filamu bubu, na toleo lililokarabatiwa 2010, baada ya vipande vilivyopotea kupatikana Buenos Aires mwaka 2008, linafika karibu saa 2 na nusu. 2001 nayo urefu wake ni karibu huohuo. Kama mna saa 2, mbili kati ya tatu zako zimeshaanguka hata hatujaanza kubishana.

binti_wa_reli
Metropolis, sina haja ya kusubiri majibu. Pale mwanzoni zamu zinapopokezana, kundi moja linaingia vichwa chini, jingine linatoka vichwa chini, na hakuna anayehitaji kuelezwa kitu. Halafu yule jamaa kwenye mashine iliyo kama saa ya ukutani, anahangaika kusogeza mishale mpaka analia kwamba saa 10 za zamu haziishi. Wote waliofuata wamechota humo.

Dkt_Mashaka
Mwanzo mzuri, mwisho wa hovyo. Wafanyakazi wanavunja mashine, makazi yao yanafurika maji, watoto nusura wafe, halafu dawa ya yote hayo ni bosi na msimamizi wa mashine kupeana mikono mbele ya kanisa. Urefu wa zamu je? Hautajwi tena. Fritz Lang mwenyewe, mwongozaji wake, alikuja kusema mwisho ule haukumridhisha.

Paka_wa_Stoo
Fanya yote, 2001 iache. Tulikuwa kwenye mafunzo, mwezeshaji akatuwekea hiyo baada ya chakula cha mchana, yeye akatoka nje na simu yake. Filamu ile inaanza na muziki juu ya skrini nyeusi, dakika karibu 3, picha hakuna. Watu wakapiga kelele kwamba projekta imekufa. Fundi akaja, akachomoa waya, akachomeka, akaanza upya. Nyeusi. Akaleta waya mwingine. Nyeusi tena. Mwezeshaji aliporudi ndipo tukaambiwa kumbe ilitengenezwa hivyo. Wakaja nyani. Neno la kwanza kutamkwa linakuja baada ya kama dakika 25, na wakati huo nusu ya ukumbi ilikuwa inakoroma. HAL 9000, ile kompyuta ya chombo, alipoanza kuua wanaanga tulikuwa tumebaki wachache. Mjadala ukafunguliwa, swali la kwanza: lile jiwe jeusi maana yake nini? La pili hilohilo. Tukazungumzia jiwe mpaka jioni. Kuhusu kazi aliongea mtu mmoja tu, naye aliuliza kama kuna posho ya kuchelewa kutoka.

Nahodha77
@Paka_wa_Stoo mkuu, huyo mwezeshaji ndiye tatizo, filamu haina kosa. Watu wanasema HAL aliasi. Tazama tena. Wanaanga waliokuwa macho walifichwa lengo halisi la safari, HAL peke yake ndiye aliyeambiwa. Waliopanga siri ile ni watu, tena wako ofisini, Duniani, salama salimini. Filamu nzima hawaulizwi hata swali moja.

Dkt_Mashaka
Kwa hoja hiyohiyo basi aonyeshe Alien (1979). Ondoa yule dude, inabaki hadithi ya kazi tupu. Parker na Brett, mafundi wa chombo cha anga, wanalalamikia mgao wao tangu mwanzo, wanajibiwa kwamba wasipoenda kuchunguza ile ishara wanapoteza malipo yote. Na Ash, ambaye ni roboti, hajakiuka chochote. Anatii kampuni mpaka mwisho, na agizo linasema wafanyakazi wanaweza kufa. Hiyo ndiyo hofu yenye mantiki: mashine inayomtii mtu usiyemwona.

Kobe_Mjanja
Ameuliza kati ya tatu, nyie mnaleta ya nne.

chaplin_damu
Na mimi naleta ya tano! Modern Times, 1936, haifiki saa moja na nusu, watu watacheka. Bosi anamtokea mfanyakazi kwenye skrini akiwa chooni anavuta sigara na kumrudisha kazini. Kuna mashine ya kumlisha mtu ili muda wa chakula ufupishwe.

binti_wa_reli
Hiyo ni vichekesho, si bunilizi ya sayansi.

chaplin_damu
Dada, skrini ya ukutani inayomwona mtu chooni mwaka 1936 unaiitaje?

Nahodha77
Naiita kamera ya ofisini kwetu.

mla_popkoni
Moon (2009)! Jamaa ana mkataba wa miaka 3 peke yake mwezini, anachimba heliamu-3, halafu anakuja kugundua kwamba yeye ni

Kobe_Mjanja
WEWE. Usitumwagie uhondo.

Mshumaa (mleta mada)
Samahani, nilikuwa kazini. Majibu: tuna saa 2 pamoja na mjadala. Watazamaji ni kitengo cha kupokea simu za wateja. Juzijuzi tumewekewa programu inayohesabu sekunde za kila simu na kila ukiinuka kitini. Anayegharamia ni idara ya rasilimali watu, nao wamesisitiza filamu iwe ya kutia moyo.

Dkt_Mashaka
Haya sasa! Saa 2 PAMOJA na mjadala. Na ndiyo maana Metropolis imeingia kwenye orodha. Kupeana mikono kule ndiko wanakokutaka.

binti_wa_reli
Mimi sijatumwa na idara yoyote.

FundiWaya
Blade Runner nayo inakula dakika 117, hamtabaki na muda wa kujadili. Na ukisema Blade Runner taja toleo. Ya 1982 ina sauti ya Deckard, mhusika mkuu, anayesimulia, ya 1992 waliiondoa, ya 2007 ndiyo mwongozaji Ridley Scott aliisimamia mwenyewe. Chukua ya 2007. Pale Roy, mtu wa kutengenezwa, anapokwenda kwa aliyemuumba kudai aongezewe maisha zaidi ya miaka 4, hayo ni mazungumzo ya mkataba.

chaplin_damu
Modern Times inabakiza nusu saa. Nasema tu.

Nahodha77
RoboCop (1987). Ni polisi nusu mtu nusu mashine, ana amri ya nne iliyofichwa, hawezi kumkamata kigogo wa kampuni. Mkubwa anamfukuza kazi yule kigogo hapohapo, na sekunde hiyohiyo risasi zinaruhusiwa.

mla_popkoni
Ile ambayo roboti kubwa inashindwa kushuka ngazi?

FundiWaya
Hiyo, ED-209. Ila damu ni nyingi, Marekani waliikatakata mara kadhaa ndipo ikapata daraja la kuonyeshwa. Rasilimali watu watazimia. Mshumaa, jaribu Sleep Dealer (2008). Vijana wako Mexico, wanaunganishwa nyaya mwilini, wanaendesha roboti zinazofanya kazi Marekani. Jasho linavuka mpaka, mwenye jasho habaki ila palepale. Dakika kama 90.

Mshumaa (mleta mada)
Hiyo siijui kabisa. Ni ya lugha gani?

FundiWaya
Kihispania sehemu kubwa. Utahitaji maandishi ya tafsiri.

chaplin_damu
Modern Times mazungumzo yake ni machache mno, hata tafsiri huhitaji.

Mshumaa (mleta mada)
Nimewaandikia kuuliza kama saa 2 zinaweza kuwa 3. Wamesema watanijibu ndani ya siku 5 za kazi.

mla_popkoni
Ijumaa ni keshokutwa lakini.